Mkaa na Chumvi ya Ngendo

Zacharia aliporudi Gatuanyaga kutoka kizuizini mwaka wa 1957, hakuwa mtu wa maneno. Akiongea, alifunika mdomo kwa kiganja. Mkewe, Ngendo, alidhani ni huzuni tu, mpaka alipoona damu kwenye kikombe chake cha uji. Ufizi ulikuwa umevimba.

Asubuhi hiyo Ngendo alisaga mkaa ukawa laini kama unga, akautia chumvi kidogo. Kisha akakata kijiti cha mswaki, akakitafuna ncha hadi ikalainika.

“Fungua mdomo, Baba Wamboi.”

“Wacha, mama. Kunanuka.”

“Mimi nilikungoja wewe, sikungoja meno.”

Zacharia akafungua. Ngendo akamsugua polepole, akikwepa palipouma, kisha akampa maji ya vuguvugu asukutue. Ikawa kazi yao ya kila asubuhi. Jino moja la mbele lilitoka hata hivyo, lakini damu ilikatika na uvimbe ukapungua.

Siku moja, baada ya kusukutua, Zacharia hakuinuka. Alianza kumsimulia mambo ya kule alikokuwa, kwa mara ya kwanza. Ngendo akaepua uji, akaketi karibu naye, akasikiliza.