Siku ya Vikonyo kwa Ersilia

Kila asubuhi, kabla hajaweka kahawa motoni, Ersilia alishuka shambani kung'oa kitunguu saumu kimoja. Kimoja tu. Alikipangusa udongo kwa kidole gumba, akakinusa, akakivunja, kisha akatafuna punje moja mbichi na kipande cha mkate wa jana, palepale alipo, miguu kwenye umande. Mumewe enzi za uhai wake alikuwa akimcheka, akisema amemwoa mwanamke anayeamka na kinywa cha kufukuzia mbwa mwitu. Ersilia hakujali. Kwa punje ile alijua shamba limeamkaje.

Shamba lenyewe liko chini ya mlima Morrone, nje kidogo ya mji wa Sulmona, Italia, na halikuwa lake. Lilikuwa la ukoo wa mumewe, pamoja na nyumba. Mume alipofariki, shemeji yake Concezio angeweza kuviuza vyote viwili na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Concezio alikuja jikoni, akavua kofia, akasema, "Kaa, Ersilia. Maadamu kitunguu kinatoka, wewe kaa." Basi akakaa. Tangu siku hiyo kila alipoyatazama majani ya vitunguu alikuwa anatazama paa la nyumba.

Mwaka huo baridi ilichelewa kuondoka. Kwenye kona ya chini, karibu na mfereji, majani yakaanza kugeuka manjano. Ersilia akasema ni baridi. Baadaye akasema ni maji yamezidi. Asubuhi akawa anachagua mistari ya juu, au ya kati, au ile ya kando ya njia, na kona ile akaipita kama mtu anavyopita mlango wa jirani aliyegombana naye.

Ukafika mwezi wa Mei, na vitunguu vikatoa vikonyo. Huko kwao kikonyo cha kitunguu saumu hukiita zolle: bua la kijani lililojipinda, na kichwa cha ua kilichofumba kama mdomo wa ndege. Kisipovutwa kinanyonya nguvu yote na kitunguu kinabaki kama gololi. Kazi hiyo watu hufanya kwa kusaidiana, leo kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba hupika. Siku ya Ersilia iliamka na mawingu, jambo zuri, kwa sababu jua likiwaka kikonyo hukatikia njiani. Walikubaliana wavute kwake asubuhi, wale, halafu wateremke kwa Concezio mawingu yakiwa bado yapo.

Ersilia alijua kwamba wenzake wakifika wataingia kila kona. Akajilazimisha kwenda mferejini.

Alishika kitunguu chenye majani ya manjano, kikaja bila ubishi wowote, kama jino bovu. Mizizi hakuna. Mahali pa mizizi palikuwa na kitu cheupe mfano wa pamba, na ndani ya ile pamba vidoti vyeusi, vidogo kama chembe za baruti. Aling'oa cha pili. Aling'oa na cha tatu, kisha mikono ikakataa.

Ulikuwa uozo mweupe. Hakuwahi kuuona, ila utotoni aliwasikia wakubwa wakiutaja kwa sauti ya chini. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na shamba lililosifika kwa vitunguu, sasa hulimwa ngano tu, na walioushuhudia uozo ule wameshakuwa vikongwe. Vile vidoti hukaa ardhini umri wa mtu. Dawa havina. Mabawa pia havina. Husafiri na tope, kwenye viatu vya watu na vikapu vyao.

Alikuwa bado amechuchumaa aliposikia kicheko njiani.

"Ersilia wee! Umeanza peke yako ili utunyime chakula?"

Huyo ni Velia, jirani yake, mwanamke mwenye mikono minene na ulimi usiopumzika. Nyuma yake alikuja Rocco, mumewe, ambaye haongei sana kwa kuwa nafasi yenyewe haipati. Ersilia alikitia kile kitunguu kwenye mfuko wa aproni. Akainuka, akafungua kinywa awaambie wasimame hapo hapo barabarani.

Kilichotoka ni, "Karibuni."

"Tumekaribia. Concezio yuko wapi?"

"Niko huku," sauti ikajibu, na Concezio akatokea upande wa mfereji, mabuti ya mpira yametapakaa tope mpaka kwenye fundo la mguu. "Shemeji, pale chini pana majani ya manjano. Umeona?"

"Ni maji," Ersilia akasema.

"Ndivyo nilivyodhani. Nitakuja wiki hii nikuzibulie mfereji."

Aliitikia kwa kichwa. Alitazama yale mabuti. Tope lake lilikuwa jeusi, bichi, na lilikuwa linang'aa.

Wakavuta vikonyo. Ukishika chini vizuri na kuvuta polepole, kikonyo hutoka kizima na kupiga mluzi mwembamba, na wakivuta watu wanne shamba zima linalia kama lina vifaranga. Velia alishindana na mumewe, akamwita mzee wa kukatiakatia, Rocco akacheka tu. Ersilia alivuta akiwaza. Akimaliza mstari huu atasema. Mstari ukaisha. Akajiambia wakifika kwenye mti wa mlozi atasema, wakafika, na Concezio akamtania kwamba leo amekuwa bubu, au anahesabu dhambi? Wote wakacheka, na yeye akacheka nao, na maneno yakarudi tumboni.

Adhuhuri walipanda nyumbani. Mabuti yote waliyaacha nje ya mlango, yamepangana ukutani, kwa sababu marehemu mama mkwe hakutaka tope kwenye sakafu yake, na hata baada ya kufa kwake hakuna aliyethubutu. Vikapu navyo wakaviweka hapo. Tanuri la uani lilikuwa bado linawaka tangu mkate wa asubuhi.

Ndani, Ersilia alivikata vikonyo vichwa, akavikatakata, akavitia kwenye kinu cha jiwe na chumvi ya mawe na lozi zilizomenywa. Akatwanga. Harufu ilipanda kali, ya kijani, ikamtoa machozi, akashukuru kupata kisingizio.

"Pesto!" Velia akasema huku akikuna jibini ya kondoo. "Watu wa Genova wakituona tunaita hii pesto watatufunga."

"Wao hutwanga majani yao ya mrihani," Rocco akasema.

"Ala! Kumbe baba ana sauti!"

Ersilia alimimina mafuta ya zeituni, akatwanga tena. Alitwanga mpaka Velia akamshika mkono. "Mama yangu wee, imeshakufa hiyo. Unamtwanga nani?"

Tambi zikatolewa majini, zikachanganywa, sahani zikajaa. Concezio alionja, akafumba macho. Halafu akaweka uma chini, akapangusa masharubu, na Ersilia akajua anataka kusema jambo alilokuja nalo kutoka nyumbani.

"Shemeji. Mbegu zangu zimechoka, mwenyewe umeona, vitunguu vinazidi kuwa vidogo. Vuli hii nataka mbegu zako. Shamba langu lote nipande zako."

"Zangu," Ersilia akasema.

"Hakuna anayelima kama wewe hapa bondeni. Na hii habari ya nyumba, nimeongea na mke wangu. Tuache kuongea kama wapangaji. Nyumba ni yako. Tutaenda kuiandikisha."

Velia akapiga meza. "Haya, mwaga divai! Mbona umekaa kama umefiwa? Mwanamume anakupa nyumba, toa hata tabasamu."

Ersilia alitazama sahani. Pesto ilikuwa imeanza kuwa nyeusi pembeni. Akafikiri kwamba inatosha anyamaze tu. Kunyamaza hakuhitaji nguvu. Watakula, watavaa mabuti yao, watateremka kwa Concezio, na yeye atabaki na nyumba. Mwakani uozo utatokea kwa Concezio, na kwa Velia, na nani atajua ulianzia wapi? Aliona jinsi ilivyo rahisi. Rahisi kama kuitikia karibu.

"Naleta mkate," akasema, akatoka.

Nje alisimama mbele ya mabuti. Kisha akainama, akayakumbatia yote, tope likampaka kifuani, akayapeleka uani na kuyatupa ndani ya tanuri. Akarudi akachukua vikapu. Mwisho akachukua mabuti yake mwenyewe aliyokuwa ameyaacha kando, nayo akayasukumia ndani kwa koleo la mkate. Mpira ulikaa kimya kidogo, halafu ukashika moto, na moshi mweusi mzito ukaingia jikoni kwa dirisha.

Wakatoka mbio na soksi.

"Nini kinaungua? Ersilia! Nini kinaungua?"

"Viatu," akasema.

"Viatu gani?"

"Vyenu."

Rocco alichungulia tanurini. "Vyangu ni vipya," akasema, karibu na kulia. "Binti yangu amenitumia sikukuu."

"Umepata wazimu!" Velia akafoka. "Mtu amepewa nyumba, wazimu umempanda! Concezio, mshike, atajitupa humo!"

Ila Concezio hakumshika. Alikuwa anatazama mkono wa Ersilia, ambao ulikuwa umezama kwenye mfuko wa aproni na hautoki.

"Una nini humo?"

Concezio akamsogelea, akautoa ule mkono polepole kama anavyotoa kikonyo, akafungua vidole. Kitunguu kilikuwa kimepondeka. Pamba ilikuwa imeshikamana na kiganja, na vidoti vyeusi vimetawanyika kwenye mistari ya ngozi.

Velia aliyekuwa anafoka akatazama soksi zake.

"Mferejini?" Concezio akauliza.

"Mferejini."

"Mimi nimepita mferejini."

"Najua."

"Umeona lini?"

"Leo. Kabla hamjafika. Manjano nilianza kuyaona zamani."

"Mbona hukusema asubuhi?"

"Nilitaka kusema. Nikasema karibuni."

Concezio aliketi kwenye kizingiti. Ghafla akawa mzee. Akavua soksi moja, akavua ya pili, akazikunja kwa uangalifu kana kwamba zinakwenda kabatini, akasimama akazitupa motoni. Rocco akafuata. Velia akahangaika na zake, ameegemea ukuta. Ersilia alileta karai la maji moto na siki, wakaosha miguu na mikono, kila mtu peke yake, na maji yale akayarudisha jikoni yachemke, hakuyamwaga uani.

Alingoja Concezio aseme habari ya nyumba. Amtukane, au amwambie kaa, au amwambie toka. Concezio alimtazama usoni kidogo, akavaa kofia. Wakaondoka miguu mitupu kwenye lami, watatu, wakitembea kwa woga kama watoto wanaotoka kuoga, na hakuna aliyegeuka.

Ndani sahani zilikuwa nusu. Ersilia aliziosha. Pesto iliyobaki kinuni ilishakuwa nyeusi yote, akaikwangua na kijiko na kuitupa pia motoni. Akavua aproni, akavua gauni, vyote vikaungua. Akavaa gauni jeusi la kanisani na viatu vya kanisani, ambavyo havijawahi kukanyaga shamba. Hakuchukua mbegu, hakuchukua hata mkate. Ufunguo akauacha mlangoni, upande wa nje: kitunguu hakitatoka tena hapo.

Barabara inayotoka hapo ni nyembamba, na kila upande ni bustani na mashamba ya watu, mpaka wa mtu unaishia kwenye lami. Ersilia alishika katikati kabisa, asije akaacha kidoti kwenye udongo wa mtu. Gari la mkaa likampigia honi, akasimama palepale mpaka likamzunguka kwa matusi, akaendelea.

Velia alikuwa dirishani kwake, miguu ndani ya beseni. "Ersilia!" akaita. "Unakwenda wapi? Tembea pembeni basi, utagongwa!"

Ersilia aliinua mkono kuonyesha kwamba amesikia. Hakusogea pembeni. Alikwenda hivyo hivyo katikati ya barabara, akitazama chini anapoweka mguu, akapita shamba la Concezio, akapita daraja, akapinda kuelekea stesheni. Hakurudi.