Kifua cha Binti Yangu Siku ya Koito

Siku hizi nikiambiwa "rudi wiki ijayo" damu inanipanda mpaka masikioni. Niliambiwa hivyo kwenye dirisha la dawa la hospitali ya serikali, nikaambiwa hivyo kwenye zahanati ya kwetu, nikaambiwa hivyo hata na mwenye duka la dawa ambaye hakuinua macho kutoka kwa simu yake. Wiki ijayo! Kwani mtu akiishiwa na pumzi leo, ataikopa wapi mpaka hiyo wiki ifike?

Aliyekuwa akiishiwa na pumzi ni binti yangu wa pili. Ana pumu tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Huku kwetu upande wa Kiptere hatupendi kusema pumu, tunasema "ana kifua", kana kwamba sisi wengine hatuna. Sasa ni mtu mzima, anafundisha chekechea, na kinachomwezesha kusimama mbele ya wale watoto ni inhela, kile kidude cha buluu cha kuvuta mdomoni. Ukungu ukilala kwenye majani chai asubuhi, anavuta. Vumbi la chaki likipanda, anavuta. Akiwa nayo mfukoni ni msichana kama wengine, anacheka na kubishana na mimi juu ya kila kitu. Bila hiyo mabega yanapanda, kifua kinapiga filimbi, na maneno yanamtoka moja moja.

Basi mwaka huo dawa ikapotea. Ilienda wapi, sijui. Wengine walisema imekwama bandarini, wengine walisema kuna mkubwa fulani hajalipa wanaoileta. Mimi nilichoona ni rafu tupu, na watu wamekaa nyuma yake wakinywa chai bila haya. Na ilipotea wakati mbaya kabisa, kwa sababu wageni walikuwa wametuma habari kwamba wanakuja koito.

Koito ndiyo siku upande wa kijana unapokuja nyumbani kwa msichana kumwomba. Wazee wa pande zote mbili wanakaa na kuulizana mambo: ukoo gani, mama alitoka wapi, kuna mwizi kwenu, kuna ugonjwa kwenu. Hao wageni sasa ni wakwe zangu, kwa hivyo nitajaribu kuwasema kwa adabu. Lakini siahidi.

Tangu mume wangu afariki, mkubwa wa mambo kama hayo kwetu ni dada yake, shangazi ya watoto, aliyeolewa upande wa Longisa. Ni mwanamke wa kanisa, ana sauti, na akikuombea hata kuku wananyamaza. Yeye ndiye aliyenikalisha chini na kuniambia nisiulizie hiyo dawa hapa karibu.

"Ukiuliza kwa duka la hapa, kesho soko lote linajua," alisema. "Nani atachukua msichana wa kifua?"

"Shangazi, kijana mwenyewe anajua. Msichana alimwambia zamani."

"Kijana si wazee. Ngoja koito ipite. Kifua hakijaua mtu."

Kifua hakijaua mtu! Halafu akaongeza lile neno ambalo amenipigia tangu mtoto akiwa mdogo, kwamba kwao hakuna kitu kama hicho, hicho mtoto alikitoa kwetu. Nilimeza, kwa sababu bila shangazi hakuna koito, na binti yangu alimpenda huyo kijana.

Kwa hivyo nikaenda kuitafuta mbali, kama mtu anayetafuta kitu cha wizi. Nilifika Kaplong, wakaniambia jaribu Bomet. Bomet wakaniambia kuna duka moja Kericho mjini haliwezi kukosa. Kericho, yule mama wa duka akacheka, "Mama, hiyo kitu hata mimi naitafutia mtoto wangu." Mwingine alitaka kuniuzia dawa ya kikohozi. Nilimwambia sikuulizia kikohozi. Akasema, "Lakini pia inasaidia." Inasaidia nani, wewe ama mgonjwa? Nikatoka kabla sijamtukana.

Na kitu kinachonichoma mpaka leo ni kwamba kulikuwa na mahali pazuri pa kuuliza. Kila siku ya kuchuma chai tunakutana kwenye kituo cha kupimia majani, tunakaa na vikapu vyetu tukingoja lori. Hapo ukisema ng'ombe wako amepotea, kabla lori halijafika kuna mtu amemwona. Wamama wa kule wangeulizana mpaka mtu akumbuke binamu yake aliye na inhela ya ziada. Nilikaa hapo siku baada ya siku, nikizungumza juu ya mvua na bonasi ya kiwanda, na swali langu limekaa kooni.

Koito ikafika, na inhela yake ilikuwa inatoa hewa tu. Aliitikisa, akaitikisa, akaniangalia akacheka kidogo. "Mama, leo nitavuta imani," akasema. Nikamwambia asiingie jikoni, maana wamama walikuwa wamewasha moto wa kuni tangu alfajiri, ugali wa watu wengi, nyama, na moshi umejaa mpaka nje. Lakini utamwambiaje msichana asiingie jikoni siku yake, wakati shangazi anauliza kwa sauti mbona hasaidii? Aliingia. Akapika. Nilimwona akitoka nje kila mara akishikilia ukuta, na shangazi akimrudisha ndani kwa macho.

Wageni wakakaa upande mmoja wa sebule, sisi upande mwingine. Tukaomba, tukasalimiana, maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa kibuyuni, yakapita. Wazee wakaulizana ya ukoo, yakaenda vizuri. Yakafika ya magonjwa. Shangazi akajibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo: "Kwetu tuko wazima kabisa." Nilitazama sakafu.

Halafu wakasema aitwe msichana. Hii ni desturi. Anasimama mbele ya watu, mzee anamwuliza kama anawajua hawa wageni, na akisema anawajua, hapo ndipo amekubali. Lazima aseme mwenyewe kwa mdomo wake, hakuna mtu wa kumsemea.

Akaja, akasimama mlangoni akishikilia fremu kwa mkono mmoja.

"Mama, unawajua hawa watu?" mzee wa wageni akamwuliza kwa upole.

Binti yangu akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akafunga, akafungua tena. Mimi niliona mabega.

Wazee wakatabasamu. "Angalia huyo," mmoja akasema. "Ana heshima. Wasichana wa siku hizi hujibu hata hujamaliza kuuliza."

"Ni haya tu," shangazi akasema akicheka. "Mpeni muda."

"Ama hataki?" akauliza mjomba wa kijana, na chumba kikapoa. Wakaanza kunong'onezana kama kuna mtu anamlazimisha. Kijana mwenyewe, ambaye alijua, akanyanyuka nusu, na baba yake akamvuta shati akakaa. Mzee akarudia swali, polepole zaidi, kana kwamba shida ilikuwa masikio. Watu wote wale wazima, wenye akili zao, wanamtazama mtoto akizama mahali pakavu, wanamsifu adabu! Midomo yake ilikuwa inageuka rangi.

Nikasimama. Sikuomba ruhusa kwa mtu.

"Hii si haya, na si kwamba hataki," nilisema, na nilisema kwa kelele. "Huyu hana pumzi! Ana pumu tangu utotoni, na dawa yake nimeitafuta mpaka miguu imechoka, hakuna. Kama kuna mtu yeyote hapa ana inhela, yake ama ya mtu wake, aitoe sasa hivi. Mtaniuliza maswali baadaye."

Hakuna aliyesogea. Isipokuwa nikaona mkono wa shangazi ukiingia kwenye mkoba wake. Uliingia haraka, wenyewe, jinsi mkono unavyoenda mahali unapopajua. Halafu akatazama wageni, akatazama wifi zake waliokuja naye kutoka Longisa, na ule mkono ukatoka mtupu.

Sijawahi kugusa mkoba wa mtu maishani mwangu. Nilivuka sebule, nikauchukua mapajani mwake, nikamwaga vitu vyote juu ya meza, kati ya vikombe. Biblia, leso, funguo. Na ndani ya kitambaa cha kichwa kilichokunjwa vizuri, inhela ya buluu, nzito, imejaa.

Nilimtia binti yangu mdomoni mwenyewe. Akavuta. Akaishikilia ile pumzi, akaitoa, akavuta tena. Nilimkalisha kwenye kiti cha mgeni, sijui mgeni alienda wapi. Ilichukua muda. Kila mtu alikuwa anasikiliza kile kifua sasa, hakuna aliyesema heshima. Rangi ikaanza kurudi midomoni.

Mzee wa wageni akakohoa. "Kwa hivyo huu ugonjwa uko katika nyumba hii."

"Uko," nikamjibu. "Uko hapa, na mlivyo wengi hapo, uko kwenu pia. Kitu ambacho hakiko kwa nyumba yoyote ni dawa. Na hicho hamjauliza."

Nilimgeukia shangazi, na nilikuwa na mengi ya kumwambia, miaka ya mengi. Ati mtoto alikitoa kwetu! Lakini alikuwa anaokota vitu vyake mezani huku akilia, na kilio kikamshika kifua. Niliisikia ile filimbi, ileile, ikitoka kwa mwanamke ambaye nimepika naye kila harusi na kila matanga. Alikuwa ameificha tangu aolewe. Hata hapo bado aliibana, amejiziba mdomo kwa leso ili wifi zake wasisikie.

Binti yangu akainuka kwenye kile kiti. Alitembea polepole, akapita mbele ya wazee wote, akamtoa leso mdomoni na kumpa ile inhela.

"Vuta, shangazi," alisema. "Wameshatuona."