Aliyeipa Kisogo Runinga

Kwa Jumapili nane mfululizo, saa kumi alasiri, Bi Pindo alifuatilia tamthilia ya upelelezi bila kuiona, isipokuwa mara moja tu. Hakuwa kipofu. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa dirishani kwa ajili ya mwanga, ilhali runinga ilikaa juu ya kabati, ukuta wa pili, nyuma ya kisogo chake. Aliyemwuliza kwa nini asigeuze kiti alijibiwa kwamba hakuna mteja aliyewahi kurudi kumshukuru kwa pindo lililopinda.

Basi akaizoea kwa masikio. Aliwajua waigizaji kwa sauti zao na kwa vishindo vya viatu vyao. Inspekta, yule mpelelezi mkuu, alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito ya kukwaruza, naye Bi Pindo akamjengea kichwani mwake pande la mwili, kifua mbele, mikono kama ya mpiga randa. Jumapili ya nne bobini ilianguka ikabingirika hadi chini ya kabati. Alipoinuka kutoka kuiokota, uso kwa uso na kioo cha runinga, alimkuta mwanamke mfupi, mwembamba, amesimama ndani ya koti lililomzidi.

"Na huyu ni nani tena?"

"Ndiye Inspekta," alijibiwa.

"Muongo! Huyu namshonea suti kwa foronya moja, na kitambaa kinabaki!"

Tangu siku hiyo hakugeuka tena. Alisema picha zinamharibia hadithi.

Waliokuwa wakitazama kwa macho walikuwa wawili. Wa kwanza ni jirani, fundi redio na runinga, ambaye mtaa mzima ulimwita Antena kwa urefu wake na kwa tabia yake ya kunasa kila habari. Runinga ile ilikuwa imewahi kufa akaifufua kwa skrubu moja, na kwa skrubu hiyo akajihesabia haki ya kuitazama maisha. Wa pili ni Karani, aliyeitwa hivyo kwa sababu alifanya kazi katika masjala ya ofisi moja ya umma, mahali ambapo majalada hupewa namba, hupangwa, na yakishamaliza kazi hufungwa kwa uzi. Karani alikuwa mjane wa kaka yake Bi Pindo. Wanawake hao wawili waliishi nyumba moja, milango ya vyumba vyao ikitazamana.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu kaka yule afariki, na kwa miaka yote mitatu Karani hakuvaa rangi nyingine ila bluu ya giza na kijivu. Hapakuwa na mtu aliyemlazimisha. Matanga yalikwisha zamani. Lakini ndani ya sanduku la Bi Pindo, chini kabisa, kikiwa kimefungwa kwa gazeti, kilikuwapo kitambaa cha manjano iliyokolea, rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Marehemu alikileta mwenyewe siku ya Jumanne, akasema, "Mshonee mke wangu kitu cha kumfanya acheke." Jumapili iliyofuata hakuwapo tena duniani. Mara mbili Bi Pindo alikitoa, na mara mbili Karani alisema neno moja tu: "Rudisha."

Kulikuwa na neno jingine ambalo Karani alikuwa amelifungia pamoja na kitambaa hicho. Zamani, kutwa nzima, nyumba ile ilisikika wifi huyu, wifi yule, wifi chumvi iko wapi. Tangu mazishi, Karani alimwita mwenzake "fundi", na siku za upole, "dada". Bi Pindo alilitambua pengo hilo siku ya kwanza kabisa, kama anavyotambua kifungo kilichodondoka, lakini hakulitaja.

Jumapili ya saba ndiyo iliyoleta barua. Katika tamthilia hiyo, mwenye kiwanda cha sabuni alikutwa amekufa ndani ya ghala lake, na ufunguo wa ghala ukaonekana mkobani mwa mkewe. Mama wa watu alilia, akaapa kwamba haujui ufunguo huo. Ndipo Inspekta alipopata barua isiyo na jina, iliyoandikiwa bawabu, akaisoma kwa sauti yake ya kukwaruza: "Ufunguo muachie wifi, usimwambie kitu. Yaliyobaki nitayamaliza mwenyewe."

Wakati barua ikisomwa, kioo kilimwonyesha mdogo wa marehemu, yule mwenye kovu shavuni, akichoma karatasi uani.

"Ndiye!" Antena aliruka. "Sura tu inatosha kumfunga."

"Mimi nilimjua tangu sehemu ya pili," alisema Karani. "Macho yale si ya mtu mwema."

Cherehani ilisimama. "Si yeye," alisema Bi Pindo bila kugeuka. "Ni dada wa marehemu."

"Yule mcha Mungu?" Antena aliuliza. "Anayewapikia uji wafiwa?"

"Yule yule. Barua imesema wifi. Tangu lini mwanaume akawa na wifi? Yule mwenye kovu humwita mjane shemeji. Nimemsikia mara kumi na zaidi. Anayemwita wifi lazima awe mwanamke, na marehemu ana dada mmoja tu."

Neno lile, lililotamkwa wazi baada ya muda mrefu hivyo, lilikuwa kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Aliandika hivyo makusudi," Karani alisema hatimaye, "ili awapoteze watu."

"Au mtunzi alisinzia," aliongeza Antena. "Na karatasi aliyoichoma je? Tumeiona kwa macho yetu!"

"Ninyi mmeona. Mimi nimesikia."

Hapo Karani akachokoza, kwa kuwa alikuwa na uhakika wake. "Tuwekeane sharti. Ukishindwa, msimu ujao wote unatazama kimya. Kimya, fundi! Sitaki 'huyo anadanganya', sitaki 'si niliwaambia'."

"Na nikishinda, nakushonea kile kitambaa, na Ijumaa unakivaa kazini."

Antena aliacha kutafuna. Karani aliutazama mgongo wa mwenzake kwa muda.

"Haya," alisema. "Ila ukishindwa, kitambaa hicho mpe mteja mwingine. Nisikisikie tena humu ndani."

Antena alichukua chaki ya ushonaji, akaandika masharti yote juu ya kipande cha bitana, akakitundika msumarini.

Wiki ile Bi Pindo alikosea kama mwanafunzi. Alishona mfuko ndani nje, na suruali ya mwalimu mmoja ikatoka mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Kunyamaza msimu mzima kulimtisha, naam, maana ulimi wake haukuwa na mazoea hayo. Lakini alichokiogopa zaidi ni sanduku. Kitambaa kilichongoja miaka mitatu alikuwa amekiweka rehani kwa neno moja la tamthilia.

Jumapili ya mwisho alikaa mahali pake, kisogo kwa runinga, akishona kola za sare za shule. Haikupita nusu saa, yule mwenye kovu akatiwa pingu. Antena alipiga makofi. Karani akasimama, mikono kiunoni.

"Fundi, anza kujizoeza kimya."

Bi Pindo aliendelea kukanyaga cherehani. Sindano ilipanda na kushuka upesi upesi, haina uzi.

Kisha sauti ya Inspekta ikakwaruza. Alikuwa amewakusanya ndugu wote ghalani.

"Wewe mwenye kovu, mjane huyu unamwitaje?"

"Shemeji."

"Na wewe, mama, dada wa marehemu?"

Sauti laini ya kike ikajibu: "Namwita kwa jina lake."

"Tangu lini?"

"Tangu kaka alipofariki."

"Na kabla ya hapo?"

Bi Pindo aligeuka na kiti chake kizima. Hakuitazama runinga, alimtazama Karani, ambaye bado alikuwa amesimama, lakini mikono ilikuwa imeshatoka kiunoni.

"Wifi," ilijibu sauti ile, ikakatika. Barua ikasikika ikifunuliwa.

Antena ndiye aliyepiga kelele kwanza, ingawa alikuwa ameshindwa. Alirusha kofia ikanasa kwenye feni. Bi Pindo alivaa kola ya sare shingoni, akazunguka chumba kwa mwendo wa bibi harusi, akipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia dirishani kuuliza nani kajifungua.

"Si niliwaambia! Si niliwaambia! Jamani, niacheni niseme kwa ruhusa!"

Karani hakucheka. Alivuka chumba, akafungua sanduku, akaingiza mkono hadi chini kabisa. Gazeti lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Alipolifungua, kitambaa kilimwagika mikononi mwake kama kilichonunuliwa asubuhi ile. Alikishika muda mrefu, uso umeinama. Kisha akainua mikono yote miwili kama mtu anayesalimu amri kwa polisi.

"Pima basi, wifi. Na usinibane kwapani kama ulivyonifanya kwenye harusi yangu."

Bi Pindo alikuwa tayari amebana pini midomoni. Ilibidi azitoe moja moja, kwa sababu midomo ilikuwa imegoma kufungika.

"Antena, tazama ukutani. Hapa anapimwa mtu."

"Na mimi niipe runinga kisogo? Mwisho wenyewe ndio huu!"

"Sikiliza kwa masikio. Mimi nimeweza wiki nane."

Antena akageuka, akinung'unika kwamba nyumba hii haina haki za watazamaji. Bi Pindo alizungusha futi ya kupimia, akatazama, akazungusha tena.

"Kiuno kimepungua inchi mbili."

"Andika, wifi, usitangaze."

Gauni lilikamilika Alhamisi, mikono mifupi, pindo lililonyooka kama mstari wa rula. Ijumaa jioni Karani aliporudi kutoka kazini alikuta cherehani ikinguruma, akajitupa kitini, akavua viatu.

"Mlinzi wa getini hakunitambua," alisema. "Miaka kumi na moja napita pale, leo ananiuliza nimekuja kumwona nani."

"Ehe, kisha?"

"Kisha kanitambua, akashtuka. Akauliza, nani kakufanyia hivi?"

Bi Pindo aliendelea kushona, macho kwenye sindano. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ukweli. Mhalifu ni wifi yangu."