Nilivyofinyanga vitaa vya Diwali, akina mama wa Malindi wakatua ndoo kunicheka

Wakuu, heshima kwenu. Shule niliishia la nne, ila haya niliyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, hivyo chumvi humu hakuna.

Ni enzi za Ujamaa, ule wakati wa uhaba. Nilikuwa nabeba mizigo dukani kwa Mama Jayesh, Mhindi wa Lushoto mjini.

Diwali, sikukuu yao ya taa, imebaki wiki mbili. Vitaa vya udongo walikuwa wakiagiza Tanga, mwaka ule hakuna. Mama mkwe wake ni kizee, mgonjwa, na kashikilia kwamba nyumba ikikosa taa siku ile, baraka zinapita mlango wa jirani.

Mimi na mdomo wangu: "Mama, usihangaike. Mama yangu mfinyanzi kule Malindi. Vitaa arobaini, hesabu unavyo."

Nafika nyumbani, Malindi yetu ya milima ya Usambara, si ile ya pwani, mama kateguka mkono.

"Shikamoo mama. Nimeahidi vitaa arobaini dukani."

"Marahaba. Umeahidi kwa mkono wa nani?"

Sasa kwetu Wasambaa ufinyanzi ni wa wanawake. Mwanaume hata shimo la udongo halisogelei. Mimi nikakanda! Mama kakaa kizingitini, ananielekeza.

Akina mama wanatoka mtoni, wakatua ndoo kabisa.

"Jamani njooni! Huyu akimaliza tumfunge kanga!"

"Muulizeni anajifungua lini!"

Nikaendelea kukanda. Ila kwa presha nikavichoma vibichi. Vikapasuka pa! pa! kama bisi.

Mama hakucheka. "Udongo hausikii majigambo. Vianike juu ya meko, usubiri."

Ukungu wa milima yetu mnaujua. Nikafinyanga upya, vikakaa darini kwenye moshi siku tano. Nikachoma. Kesho yake, siku ya Diwali yenyewe, nikashuka Lushoto kwa mguu. Vilifika thelathini na nane.

Mafuta ya taa hayapo, wakatia samli iliyotoka kijiji cha Kwai. Kizee akapapasa ukingo wa kitaa.

"Huyu mama ana dole gumba kubwa."

Mama Jayesh akatazama mikono yangu, akaangua kicheko. "Mama mwenyewe ndiye huyu!"

Kizee akanipa njiti. Kitaa cha kwanza nikawasha mimi.

Leo nina matanuru matatu ya vigae, na wale walionicheka wameezeka kwa vigae vyangu.

Nilichojifunza: usiahidi kwa mkono wa mwenzio kama wako hauko tayari kuchafuka.

Haya, nani humu alichekwa kwa kazi "isiyo yake"? Mwageni yenu.