Dole Gumba kwenye Kisahani

Kazini tulimwita Bi Kinyaa, na jina lilimkaa barabara. Alichukizwa na kila kilichotoka kwa binadamu: jasho, mate, hata pumzi. Kikombe chake cha chai alikifungia kabatini. Ukimpa mkono, anakupa kiwiko. Mumewe, alitusimulia mwenyewe bila haya, hakalii kochi kabla hajaoga.

Mimi nilioka visahani vya kauri, yeye akavisugua kwa msasa mpaka vikawa laini kama kucha. Kisahani hukaa katikati ya betri, na upande mmoja hubandikwa metali ya lithiamu. Kikiwa na ufa au uchafu, betri ikichajiwa lithiamu huota nyuzi zinazopenya kauri kama mizizi ukutani. Zikitokeza upande wa pili, betri imekufa. Kwa hiyo kinyaa chake kilikuwa na faida, nakubali. Lakini kufanya naye kazi! Nikipita karibu alikunja pua kana kwamba nimebeba samaki waliooza.

Kisha betri zikaanza kufa mfululizo. Bosi akasema kati yetu wawili kuna anayechafua visahani, na huyo ataondoka.

"Mtazame mikono yake, bosi," Bi Kinyaa akasema nikiwa papo hapo. "Huyu anashika bila glavu. Mtu mchafu ni mchafu tu."

Nilimchukia. Nyumbani nina watoto na mama mgonjwa, na wote wanakula kwa kazi ile.

Bosi akafungua betri moja iliyokufa, akaweka kisahani chini ya lenzi. Picha ikatokea kwenye skrini. Nyuzi nyeusi zilikuwa zimeota kwa kufuata mistari ya dole gumba, dole zima, na kovu limelikata mshazari.

Nikanyoosha vidole vyangu bila kuambiwa. Havina kovu hata kimoja.

"Ni langu," Bi Kinyaa akasema. "Nikimaliza kusugua, glavu zinakuwa zimejaa jasho. Siwezi kulivumilia, bosi, linanitia kichefuchefu. Nazivua upesi nivae nyingine. Sikujua kama hapo katikati nakigusa kisahani."

Mimi nilingoja aniombe radhi, au walau anitazame. Wapi! Aliinua dole lake mbele ya macho, akalikunjia pua vilevile alivyozoea kunikunjia mimi.