Msumari Namba Kumi na Nne

Katika karakana niliyofanyia kazi pale Manundu, msumari mtupu ulikuwa na maana moja: kazi imekwisha. Mteja alipoleta kifaa kilichochakaa, tulikifunga kamba ya katani na kukitundika ukutani kwenye msumari wenye namba. Programu ya kukereza kifaa kipya tuliipa namba hiyohiyo ndani ya mashine. Siku mteja akichukua kipya na cha zamani, msumari unabaki mtupu, na programu yake inangoja kufutwa.

Mashine yetu ya kukereza ilikuwa ya CNC, yaani inayoendeshwa kwa kompyuta, ya mtumba, yenye kumbukumbu ndogo. Asubuhi hiyo nilikuwa naingiza programu mpya, ikagoma katikati. Nafasi imejaa. Mzee mwenye karakana alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Handeni, kwa hiyo nikafanya alivyonifundisha. Nilitazama ukuta, nikaona misumari mitatu mitupu, nikaandika namba zake moja moja na kubonyeza kitufe cha kufuta. Nane. Kumi na moja. Kumi na nne. Mashine ile haikuwa na tabia ya kuuliza kama una hakika.

Saa nne simu ikaita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikiliza, ile shafti ya kumi na nne ninayo huku Kwaluguru. Nilikuja kupima kama beringi mpya alizonunua yule babu mwenye shafti zinakaa. Zinakaa. Nimeirudisha kwenye mashine yake ya kusaga, watu wasage cha leo. Saa nane tunafika hapo naye. Wewe washa tu, utoe moja mpya."

Nikajibu, "Sawa, mzee." Midomo ilijibu peke yake.

Nilirudi kwenye kioo, nikapandisha orodha, nikaishusha. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano. Niliipandisha tena kana kwamba mara ya pili ingekuwepo.

Mimi ndiye mkubwa nyumbani. Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa kidato cha pili, na wadogo zangu watatu wakabaki wakinitazama mimi. Nilianza pale kwa kufagia nyuzi za chuma, ikapita miaka kabla sijaruhusiwa kugusa vitufe. Fundi aliyenitangulia alifuta programu ya mteja, akasema ni umeme uliokatika. Mzee alimfukuza kazi jioni ileile. Na asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika kweli, dakika chache tu. Sitaficha kwamba niliiwaza sentensi hiyo, nikaipanga hadi ikakaa vizuri mdomoni.

Ndipo nikakumbuka mchi wa kitunguu saumu. Shafti ya kwanza niliyoikata kwa kazi hiyo ya kumi na nne niliiharibu mwenyewe: sehemu ya kukalia beringi niliikata ikapungua, beringi ikawa inacheza. Mzee alinipa kile kipande, nikakipeleka nyumbani, na tangu hapo tunatwangia.

Nilifunga karakana nikaenda nyumbani mbiombio. Mdogo wangu wa kike alikuwa jikoni.

"Dada, saa hizi? Umefukuzwa?"

"Bado. Nipe mchi."

"Na kitunguu nitwange na nini, meno?"

"Tumia chupa."

"Ukifukuzwa rudi nao," akasema, akaufuta kwenye khanga na kunipa. Alikuwa anatania. Mimi nilishindwa kucheka.

Nikarudi karakana, nikapima kila sehemu ya kile chuma kwa maikromita, nikaandika nyuma ya daftari. Vipimo vyote nilivinakili, isipokuwa pale palipoharibika. Hapo nilichukua beringi ya akiba ya namba ileile, nikapima tundu lake mara nne, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini namba niliyoisoma. Kisha nikaandika programu upya, mstari kwa mstari. Nikaiendesha bila chuma, nikiona kisu kinakata hewa. Mahali pamoja kilikuja karibu mno na taya za kushikia chuma. Nikasimamisha, nikarekebisha, nikaanza tena. Saa saba na nusu ilipita.

Mzee na babu walifika vumbi likiwa limewajaa. Mzee alitazama mashine imetulia.

"Hujatoa?"

"Nilifuta kumi na nne, mzee. Niliona msumari mtupu. Hii nimeiandika upya kwa kipimo cha ile niliyoiharibu. Sijaikata bado."

 Mzee alikiokota kile kipande mezani, akakigeuza. Babu wa Kwaluguru akakisogelea, akanusa.

"Chuma gani hiki kinanuka mboga?"

"Kata," mzee akaniambia.

Nilikata.  Shafti ilipotoka, mzee aliichukua bado ina joto, akaipangusa, akasukuma beringi kwa kidole gumba. Ilikataa, kama inavyotakiwa. Akaigonga kidogo kwa kipande cha mbao, ikaingia ikakaa, haikucheza. Babu alikuwa ameshatoa mfuko wa kuibebea.

Mzee alikwenda ukutani. Kisha akafunga mchi wetu kamba ya katani na kuutundika kwenye msumari namba kumi na nne, usibaki mtupu.

"Kesho," akasema bila kunigeukia, "kabla hujafuta kitu, nipigie."

Nikaitikia. Nyumbani tuliendelea kutwangia chupa.