Uweso na Makombe ya Kisimani

Uweso wa kijiji cha Kigombe alikuwa mchimba visima, na kwa kuwa kazi hiyo humweka mtu shimoni peke yake kutwa nzima, alipata nafasi ya kufikiri kuliko wenziwe. Alichofikiria sana ni makombe. Kila alipochimba alikuta udongo mweusi, kisha mchanga, kisha makombe ya chaza yamejipanga pima tatu chini ya minazi. Kwake hapakuwa na fumbo. Ilikuja Tufani ya Nabii Nuhu, ikamwaga vyote kwa siku moja.

Aliyemvutia ndoo juu alikuwa shemeji yake Sadalla, kaka wa mkewe, mtu mpole lakini mbishi. Yeye alisema tabaka hujijenga kidogo kidogo, kama jaa la bibi yake, ambalo lilianza na maganda ya chaza ya mlo mmoja na sasa mbuzi walipanda juu yake kutazama bahari. Uweso alimuuliza ni bibi gani huyo aliyekula chaza chini ya Kigombe nzima.

Mwaka 1954, masika yalipokwisha, Bi Fakhria, mwenye shamba la minazi, aliwaita wamchimbie kisima. Siku ya nne Uweso alipita tabaka la makombe, akapita udongo mwekundu, halafu akakuta makombe tena. Sadalla alifurahi mno. Akainama ukingoni kuuliza kama Tufani ilikuja mara mbili.

Uweso alifikiri kidogo, akajibu kwamba ilirudi kuangalia kama kuna aliyebaki.

Hapo ndipo ukuta wa shimo ulipoporomoka. Upande mzima ulianguka ukamfunika hadi kiunoni. Kisha mchanga ukaanza kuchuruzika taratibu, kama unga kwenye chekeche, ukapanda tumboni, ukakaribia kifua. Sadalla alimtupia kamba, akaita wakwezi waliokuwa wakiangua nazi waje kusaidia. Wakwezi walipokuwa njiani, Sadalla hakuweza kujizuia.

"Shemeji, mchanga umekuja kwa mpigo au kidogo kidogo?"

"Nivute kwanza."

"Nakuvuta. Lakini wewe ndiye shahidi pekee."

Uweso, mtu mkweli hata akizikwa, alikiri kwamba hadi kiunoni ni kwa mpigo, na kutoka kiunoni kwenda juu ni kidogo kidogo. Bi Fakhria, aliyefuata kelele, alisikia jibu hilo lote.

"Mtu anazikwa hai, nanyi mnafanya darsa?" akasema, kisha mwenyewe akashika kamba.

Watu sita walivuta kamba. Uweso alitoka, shuka yake ikabaki chini. Bi Fakhria aligeuka akatazama minazi mpaka mkwezi mmoja alipomtupia Uweso kanga ya mkewe aliyokuwa nayo begani.

Wiki nzima Uweso alisimulia kwamba ukuta ule ulithibitisha gharika, na Sadalla kwamba ulithibitisha jaa. Wote walikuwa na ushahidi, na huo ndio uliowachosha wasikilizaji. Kisima kile wakakiacha; cha pili kilitoa maji ya chumvi. Bi Fakhria aliwauliza sababu. Wote wawili wakafungua vinywa, naye akainua mkono akawaambia wasijibu, wachimbe kwingine.

Cha tatu, karibu na zizi la punda, kilitoa maji matamu. Katikati ya ukuta wake kulikuwa na tabaka jembamba la mkaa ambalo hakuna kati yao aliyeweza kulieleza. Walikaa ukingoni wakilitazama, wakala mihogo ya kuchoma, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane walinyamaza mpaka alasiri.